Sitini za Nini

Usiku ule nililala bila kumjibu Mama Sechelela. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda cha nje, akakataa uji aliopewa na mke wangu Rehema. Alikuwa na neno moja tu, na alipokwisha kulisema hakuongeza jingine.

"Shemeji, kimalizie kile kisima. Mwenzio asiwe amekufa bure."

Nilimwambia nitalala nalo. Akaitikia kwa kichwa, akajitwika ndoo yake, akaenda. Kesho yake asubuhi kamati ya kijiji ilikuwa ije kuchukua jibu lilelile kwangu, na nilijua kwamba kama mjane mwenyewe amesema ndiyo, mimi sina pa kusimama niseme hapana.

Mume wa Mama Sechelela alikuwa Ndahani. Mimi na Ndahani tulichimba visima pamoja tangu ujana, katika vijiji vya Ugogo, huku ambako mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka na maji ni kitu cha kufuatwa chini ya ardhi. Yeye alishuka na sululu, mimi nilibaki juu kwenye kamba. Tulishirikiana hivyo mpaka tukaota mvi. Kisha akafa ndani ya kisima cha kijiji chetu wenyewe, na kisima kikafunikwa kwa magogo na miiba kiangazi kizima, na hakuna aliyekwenda karibu nacho.

Nilikaa macho muda mrefu. Rehema alikuwa amelala upande wa ukuta. Nilikuwa nikisikiliza mende kwenye dari, nikajiambia nitashuka, nikajiambia sitashuka, na katikati ya maneno hayo mawili usingizi ukanichukua.

Nikamwona Ndahani.

Kulikuwa na mwanga kama wa saa nane mchana, jua kali lisilo na kivuli. Alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti cha mlango wangu, amenipa mgongo, anaupima mlango. Aliupima kwa kiungo cha kidole gumba, akikishusha kwenye mbao polepole, inchi baada ya inchi, kama alivyokuwa akifanya katika uhai wake kila alipokaa bila kazi. Shati lake lilikuwa lile la kaki lililochanika kwapani. Sikuogopa. Nilijua amekufa, na nilijua ni yeye, na mambo hayo mawili hayakugombana.

"Ndahani," nikamwita.

Hakugeuka. Aliendelea kupima.

Lazima niseme kuhusu vipimo vyake, maana bila hivyo huwezi kumjua mtu huyu. Baba yake alikuwa mnyapara wa barabara zama za wakoloni, na kitu pekee alichomwachia mwanawe ni rula ya mbao ya futi moja, kingo zake zimelika, tarakimu zake zimefifia. Tulipokuwa shule, mimi na yeye, mwalimu alitufundisha inchi, futi na yadi mpaka tukazijua kwa kuimba. Mwaka uliofuata mwalimu yuleyule akaingia darasani akatuambia tuzisahau, nchi imebadili vipimo, sasa ni sentimita na mita. Sisi wengine tulisahau nusu, tukakumbuka nusu, tukaishi hivyohivyo kwa kuchanganya. Ndahani alikataa kusahau. Alimuuliza mwalimu, akiwa mtoto wa kaptula: "Futi ni mguu wa mtu. Mita ni mguu wa nani?" Alichapwa kwa swali lile, na nadhani fimbo zile ndizo zilizomfunga na futi maisha yake yote.

Nguo alinunua kwa yadi. Shamba lake lilikuwa la ekari tatu, na bwana shamba alipomwandikia hekta alimwambia hilo si shamba lake, ni la mtu mwingine. Watoto wake alipowapeleka kliniki kupimwa uzito, aliwageuzia kilo kuwa ratili kabla hajafika nyumbani, na kwa kuwa ratili zilikuwa nyingi zaidi, alifika akiwa na furaha. Njia ya kwenda kuteka maji aliiita maili nne. Mkewe aliposikia kwa mwalimu wa shule kuwa ni kilomita sita na zaidi, alirudi nyumbani amechoka kuliko siku zote, na Ndahani akamwambia, "Unaona? Ukishika maneno yao njia inarefuka." Wanakijiji walimwita Bwana Futi. Alilipenda jina hilo.

Sasa anainuka kutoka kwenye kizingiti changu na mlango haupo tena. Tuko kwa muuza nyama, Mzee Juma, kwenye kibanda chake cha mabati karibu na mashine ya kusaga. Ndahani amesimama mbele ya mizani kama alivyosimama kila Jumamosi tuliyopata nyama.

"Nipe ratili mbili," anasema.

Katika uhai wa Ndahani, Mzee Juma alikuwa akimjibu, "Chukua kilo, Bwana Futi, mambo ni yaleyale." Naye Ndahani hujibu, "Si yaleyale. Ratili mbili ni mbili, kilo ni moja." Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Mzee Juma alimkatia kilo na kumtamkia ratili mbili, na kila mtu akaenda zake ameridhika. Lakini katika ndoto foleni imenyamaza. Wote wamekuja na ndoo badala ya vikapu. Mzee Juma anaingiza mkono chini ya meza, anatoa udongo, anauweka kwenye mizani. Ni ule udongo mweupe mkavu wa kule chini, unaobana kama chokaa. Naujua hata harufu. Niliuvuta ndoo kwa ndoo, siku nyingi mno.

Ndahani anautazama udongo kwenye mizani. Hauchukui. Anaondoka, na mimi namfuata.

Tunatembea katikati ya mashamba ya uwele yaliyokauka. Anatembea mbele yangu akihesabu nyayo zake kwa sauti ya chini, namba nisizozisikia vizuri. Nataka kumwambia kuhusu mkewe, kwamba amekuja kwangu jioni, kwamba ananitaka nishuke. Mdomo wangu umejaa vumbi. Nikitema, vumbi linarudi.

Kisha tukawa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, siku ile alipokuja yule dada mtaalamu wa maji. Alikuwa kijana, amevaa buti na kofia ya majani, na aliwapa mkono watu mmoja mmoja bila kuchoka. Alitandika nyaya ndefu juu ya ardhi, akachomeka vijiti vya chuma, akasoma kwenye kimashine chake, akahamisha vijiti, akasoma tena. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri. Sisi tulikaa mbali kidogo tukimtazama, mimi na Ndahani, kama watu wanaomtazama fundi wa kazi yao kutoka nchi nyingine.

Jioni alikula kwa mwenyekiti, akasimama mbele ya watu, akasema, "Maji mnayo. Yapo kwenye sitini hivi, labda na kidogo. Mashine itakuja."

Hayo ndiyo aliyosema. Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti alirudia, "Sitini," kila mtu akarudia, "Sitini." Gari likamchukua yule dada, akaenda vijiji vingine, na hatukumwona tena. Mashine tuliingoja. Mvua zikapita hafifu, kiangazi kikaingia, kina mama wakaanza kuondoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, na mashine haikuja.

Ndahani ndiye aliyesema kwenye mkutano wa pili. Nakumbuka alisimama akiwa amekunja mikono. "Mimi na Elia tumechimba futi sabini kule kwa wajomba zangu. Futi sitini zinahitaji mashine ya nini?"

Watu walicheka kwa furaha, hata mimi nilicheka. Nilikuwa nikijiona mtu wa maana. Tulikwenda tukakaa kwenye kile kigingi alichokiacha yule dada, Ndahani akapima duara kwa wayo wake, akapiga sululu ya kwanza.

Katika ndoto yule dada amesimama palepale uwanjani na watu wote wamekwishaondoka. Anaendelea kusema. Mdomo wake unasema sitini, halafu unasema neno jingine baada ya sitini, neno fupi, na neno hilo halina sauti. Namsogelea nilisikie. Anasema tena. Natazama midomo yake ikifumba mwanzoni na kufumbuka mwishoni, lakini silipati. Nageuka nimuulize Ndahani.

Ndahani yuko kwenye kamba.

Na mimi niko ukingoni mwa kisima, miguu yangu inaning'inia ndani. Nimefungwa kiunoni ile kamba niliyokuwa nikimfunga yeye. Katika miaka yetu yote sikuwahi kushuka. Nina woga wa mashimo tangu utotoni, naye alijua, hakuwahi kunitania kwa hilo. Sasa ananitazama, kamba imepita kwenye gurudumu la roda na kuzunguka mgongo wake, na uso wake una upole ambao sijauona kwa mtu mwingine.

"Shuka," anasema. "Leo mimi niko juu."

Ninashuka.

Ukuta wa kisima unapita mbele ya macho yangu, kwanza udongo mwekundu, kisha changarawe, kisha ule mweupe. Naona alama za sululu yake, kila pigo mahali pake. Mdomo wa kisima juu yangu unakuwa sahani, unakuwa kisahani, na uso wake umo katikati. Anahesabu kwa sauti. Futi kumi. Futi ishirini. Sauti yake inashuka nami, haipungui.

"Sitini," anasema.

Nanyoosha mguu. Pakavu. Ni hapa hasa tulipofika tukitegemea kukuta unyevu, na Ndahani akashika bonge la udongo akalivunja mkononi na likawa unga. Alinitazama kutoka chini siku ile, akasema yule dada alisema labda na kidogo. Tukaendelea. Sabini, pakavu. Hewa ikaanza kuwa nzito, tukawa tunashusha koroboi kwanza. Moto ukifa, hashuki mtu. Tulitikisa matawi ya majani kule chini ili hewa ipande. Tulipokaribia themanini nilimwambia tuache. Alisema, "Maji yapo, Elia. Kasema yapo." Hakuwa mbishi wala hakujisifu aliposema hivyo. Alimwamini yule msichana kabisa.

Kisha kukawa na msiba kijiji cha jirani, tukapumzika siku tatu. Tuliporudi koroboi haikuwa na mafuta. Ndahani alisema amezoea, ataingia tu aangalie. Nilimshusha. Alipofika chini aliniita jina mara moja, Elia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Halafu kamba ikalegea. Kijana mmoja mwenye nguvu alijifunga ashuke kumchukua, akazimia katikati tukamvuta. Tulimtoa Ndahani jioni, kwa kulabu. Fundi seremala alipokuja kumpima kwa ajili ya jeneza alipima kwa upande wa inchi wa tepu yake, bila kuambiwa na mtu. Futi tano na inchi tisa.

Sasa napita mahali alipofia. Hakuna kitu pale, sululu wala kiatu. Ni mwisho wa kisima, nami nasubiri miguu yangu iguse, na haigusi. Ardhi inaachia. Naendelea kushuka mahali ambapo hapakuchimbwa na mtu yeyote, kuta ni laini, hazina alama, na bado sauti yake inakuja kutoka juu.

"Sitini ya pili."

Mdomo wa kisima umekuwa nyota. Jiwe linaanza, jiwe jeusi, baridi. Nalipapasa kwa viganja. Najua, hata ndotoni, kwamba jiwe hili halikatiki kwa sululu, kwamba ningepiga mwezi mzima nipate kibaba cha vipande. Kamba inaendelea. Mgongo unaniuma mahali iliponikaza. Namhurumia aliye juu kwa uzito wangu.

Halafu nikayasikia.

Sijui nieleze vipi. Hayakuwa yakitiririka. Yalikuwa yamekaa, mengi, gizani, na yalikuwa na sauti ya kitu kikubwa kinachopumua kikiwa kimelala. Ubaridi wake ulinigusa nyayo. Nilinyoosha vidole vya miguu mpaka vikauma.

"Unasikia?" akauliza kutoka juu.

"Nasikia."

"Mengi?"

"Mengi, Ndahani."

Kisha akasema, "Kamba imekwisha."

Nilikaa pale nikining'inia juu ya maji yote yale, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nikalia. Sikulia kwa hofu. Niliwaona kina mama wa kijiji chetu na ndoo zao, niliwaona watoto wanaoacha shule kwa kufuata maji, nikaona jinsi walivyo karibu na jinsi wasivyo karibu.

Hakunivuta. Niko juu tayari, nimekaa kwenye magogo yaliyofunika kisima, na Ndahani amekaa kando yangu, bega kwa bega, kama tulivyokaa kula mchana. Mkononi ana kitu ambacho hajawahi kukishika akiwa hai. Ni tepu ya chuma, ile ya manjano ya mafundi, yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ameivuta kidogo, ameilaza kwenye goti, na kidole chake kiko upande ule aliokuwa akiukataa.

"Alisema sitini za nini, Elia?"

Nikafungua mdomo niseme futi. Neno halikutoka.

"Hatukumuuliza," akasema.

Upepo unapita, hauna sauti. Naangalia mikono yake. Ni safi, kucha hazina udongo, na hapo ndipo ninapoumia kweli kwamba amekufa.

"Nilipima dunia kwa mguu wangu," anasema, "nikadhani kila mtu anapima kwa mguu wangu."

Nataka kumwambia kwamba hata mimi nilidhani, kwamba kijiji kizima kilidhani, kwamba yeye si wa kulaumiwa. Ananikatiza kwa kuniwekea kiganja kwenye goti. Hakina joto wala baridi.

"Usishuke. Wala usiwaambie kwamba maji hayapo. Yapo. Waambie yapo, ila si ya mikono yetu."

Akainuka. Alipima hatua kutoka kwenye magogo kuelekea kwenye uwele uliokauka, wayo mbele ya wayo, kisigino kikigusa kidole, akihesabu. Nikamsikiliza akihesabu mpaka namba zikawa sauti tu.

Rehema alikuwa ameniweka mkono begani.

"Baba Amosi. Baba Amosi, amka. Ulikuwa unahesabu."

Niliamka nimelowa jasho. Kulikuwa bado giza, lakini jogoo alikuwa amekwishawika, na kwenye nyumba ya jirani mtu alikuwa akivunja kuni. Nilimweleza yote. Rehema ni mwanamke asiyependa ndoto. Alisikiliza ameshika shuka, kisha akasema, "Umelala na kisima kichwani, lazima ukiote. Ni ndoto."

"Ni ndoto," nikasema. "Lakini yule dada alisema mashine itakuja."

Aliachia shuka, akaketi kitandani.

"Mama Amosi, nani huleta mashine kwa futi sitini?"

Nilimwona akifikiri gizani. Na mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Sikuhitaji ndoto kunifundisha hesabu ile. Mita moja ni futi tatu na inchi chache, nilijua tangu shule, Ndahani alijua, seremala anajua, mwenyekiti anajua. Sitini za mita ni futi mia mbili kasoro kidogo. Tulikuwa tumechimba themanini. Tulipoona tumepita mwisho, hatukuwa tumefika hata nusu, na huko chini kulikobaki, kila mchimbaji anajua, ni jiwe. Mtaalamu yule hakutudanganya. Alisema kwa kipimo anachotumia kila siku, tena huenda hata alikitaja, nasi tukasikia namba tukaijaza mguu wetu.

"Basi na Mama Sechelela utamwambia nini?" Rehema akauliza.

Nilivaa, nikatoka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Sikupitia njia ya kisimani, nilizunguka kwa nyuma ya shule, ingawa ni mbali zaidi. Nilitarajia kumkuta amekwishaondoka kwenda kuteka maji. Hakuwa ameondoka. Alikuwa akifagia uwanja wake, na alikuwa amefunga kilemba kipya, kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya kamati. Aliponiona aliacha kufagia, akasimama na ufagio mkononi. Nilimwamkia, akaniitikia. Nikamwambia mumewe amenijia.

Nilimweleza polepole. Sikuficha kitu. Nilimweleza mlango, nyama, njia, kamba, na maji niliyoyasikia. Nilimweleza la mita. Niliona alipolielewa. Hakushtuka. Mabega yake yalishuka kidogo tu, kama mtu aliyetua mzigo mahali ambapo si kwake.

"Kwa hiyo hata angeendelea," akasema.

"Hata angeendelea, shemeji. Hata tungekuwa kumi."

"Na mashine?"

"Mashine ndiyo ile tunayoingoja."

Alitazama kule barabara inakotokea. Hakuna gari lililopita pale kwa wiki nzima. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Hakunitaja?"

Ningeweza kusema amekutaja. Lilikuwa jambo dogo, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimemletea maneno ya maiti, na maneno ya maiti hayaongezwi.

"Hakukutaja, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa. Alifagia mahali palepale alipokwisha kufagia, mara mbili, tatu. "Alikuwa mtu wa kazi yake," akasema. "Hata akiwa hai." Baadaye akasema, "Basi kifukieni. Watoto wa watu wasije wakatumbukia."

Hapo tukasikia sauti za wanaume. Kamati ilikuwa inakuja, na haikuja peke yake. Walikuwa wamepita kwangu wakaambiwa niko huku, na njiani wengine wamewafuata: vijana wenye majembe na sululu begani, wamevaa nguo za kazi, wakizungumza kwa sauti ya watu waliolala vizuri. Mmoja alikuwa amebeba kamba mpya. Waliponiona nimesimama na Mama Sechelela asubuhi ile walidhani nimemjia kumpa jibu zuri, na mwenyekiti akanyanyua mkono kwa mbali kunisalimu.

"Waambie wewe," Mama Sechelela akasema bila kunitazama. "Mimi nikianza sitanyamaza."

Aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani. Nikabaki uwanjani peke yangu, nikawageukia. Mwenyekiti alikuwa anasema jambo la kuchekesha kwa aliye nyuma yake. Alipokaribia akauona uso wangu, akaacha kucheka kabla sijafungua mdomo, na wale wa nyuma, ambao hawakuwa wameniona bado, waliendelea kucheka kidogo.